Vespa inawaka asubuhi, inazima njiani: mwongozo kamili wa kuitengeneza na kuiseti nyumbani

Malalamiko ya wenye Vespa hapa Tabora ni yaleyale. Inawaka asubuhi kwa kiki moja au mbili, inatoka Cheyo vizuri, ikikaribia stesheni inaanza kumisi (kukatakata), kisha inazima. Ikipoa inawaka tena. Mwenyewe anarudi nyumbani, anafungua kabureta, anazungusha skrubu, kesho yake hali ni ileile. Anabadilisha plagi, halafu koili, mwisho anaifunika turubai chini ya mwembe na kutangaza kwamba Vespa za zamani hazifai tena.

Wengi wanaoshindwa si kwamba mkono wao ni mbaya. Wanaanza mwisho. Skrubu ya kabureta ndiyo inayofikiwa kwa urahisi na bisibisi, basi ndiyo inayoguswa kwanza, wakati ilipaswa kuguswa baada ya kila kitu kingine kuthibitishwa. Ukiseti kabureta juu ya pointi zilizoungua au juu ya gasketi inayovuja hewa, unaficha ugonjwa kwa siku mbili tu. Humu tunakwenda kwa mpangilio huu: moto, mafuta, hewa, ndipo kuseti. Usiruke hatua hata kama unahisi unaijua.

Mwongozo huu ni wa Vespa za gia mkononi zenye injini ya mchanganyiko (petroli na oili huchanganywa pamoja): PX 125 na 150, ndugu zao wa India kama LML, na Bajaj Chetak ya zamani. Zile mpya zisizo na gia haziko humu.

Vitu vya kuandaa kabla hujafungua nati hata moja

- Spana namba 8, 10, 11, 13, 14 na 17, na spana ya plagi namba 21
- Bisibisi bapa mbili: moja pana, nyingine nyembamba inayokaa barabara kwenye mfuo wa jeti (skrubu ndogo yenye tundu la kupitisha petroli ndani ya kabureta)
- Fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi)
- Msasa laini, namba 400 kwenda juu, na karatasi nyeupe
- Plagi mbili mpya, B7HS au inayolingana nayo
- Pointi (swichi ndogo ya umeme wa plagi) na kondensa yake, kama pikipiki yako si ya elektroniki
- Gasketi za kabureta, sindano ya floti (inayofunga petroli kabureta ikijaa) na mpira mpya wa mafuta
- Petroli ya kituoni, oili ya mchanganyiko, na oili ya gia SAE 30 mililita 250
- Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa
- Chupa angavu ya plastiki na sinia la kuwekea nati

Plagi, waya na mpira wa mafuta utapata mjini. Gasketi na sindano ya floti huenda ukaagiza Kariakoo zije kwa basi. Ukiagiza, usiseme "ya Vespa" tu. Tuma picha ya kipuri cha zamani na herufi zilizogongwa kwenye bodi. P150X kwa mfano huanza na VLX1T, na P125X na VNX1T. Nimeona watu wakilipia nauli ya mzigo mara mbili kwa gasketi ya mashine nyingine.

Kuhusu plagi: angalia urefu wa uzi. Inayotakiwa ina uzi mfupi, milimita 12.7. Yenye uzi mrefu itaingia vizuri kabisa, halafu pistoni itaigonga.

Tahadhari ya nyumbani ni moja tu lakini nzito. Fanya kazi nje, na jiko la mkaa lihamishwe kabisa, si kusogezwa hatua tatu. Mvuke wa petroli hutambaa chini, na makaa yanayoonekana yamezimika hayajazimika.

Hatua ya 1: Mwaga mchanganyiko wa zamani, weka mpya

Mafundi vijana wengi wamekulia kwenye pikipiki za bodaboda, ambazo oili ya injini hukaa chini na petroli huenda peke yake. Vespa hizi si hivyo. Oili iliyo chini ni ya gia na klachi. Pistoni, ringi na bearingi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) hupata oili kutoka kwenye petroli yenyewe. Ukiweka petroli tupu, injini itakamata, yaani pistoni itanata ndani ya silinda, na hapo utakuwa unatafuta silinda wala si plagi.

Kwa PX kipimo ni asilimia 2, yaani mililita 20 za oili kwa lita moja, mililita 100 kwa lita 5. Matoleo ya zamani zaidi yaliandikiwa asilimia 5. Soma kibandiko karibu na mdomo wa tenki au kitabu cha pikipiki, na ufuate hicho. Kama yako ina tenki la pili la oili na kidirisha cha kuonyesha kiwango, inachanganya yenyewe. Hakikisha tu mfumo huo haujafungwa na fundi aliyetangulia.

Tumia oili iliyotengenezwa kwa mchanganyiko. Oili ya gari haiungui vizuri. Inaacha masizi kwenye plagi na ekzosi. Changanya kwenye kidumu, tikisa, ndipo umimine. Wanaomimina oili tenkini kisha petroli juu yake wanaipa injini oili nene kwanza na petroli nyepesi baadaye.

Hapohapo badilisha oili ya gia. Fungua nati ya chini injini ikiwa na joto, mwaga, funga, jaza kwa tundu la nyuma pikipiki ikiwa imesimama wima mpaka oili ianze kuchungulia. Inusa ile uliyomwaga. Ikinuka petroli, kumbuka hilo tukifika hatua ya 5.

Hatua ya 2: Thibitisha moto

Funga koki ya petroli. Toa plagi, vaa mpya kwenye kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha kichwa cha silinda, mbali na tundu la plagi maana tundu hilo hutema mvuke wa petroli. Piga kiki.

Unachotaka ni moto wa bluu unaosikika ukilia, kila kiki. Moto mwembamba wa njano au unaoruka kiki moja na kuacha nyingine haufai, hata kama pikipiki inawaka nao. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.6.

*Kama ina pointi.* Toa kava la feni na kifuniko cha katikati ya sumaku, lile gurudumu lenye feni. Zungusha sumaku taratibu ukichungulia kwenye dirisha lake mpaka pointi zifunguke kwa upana wote. Fila ya milimita 0.4 ipite ikikwaruza kidogo. Kati ya 0.3 na 0.5 inakubalika, ila ukibadilisha nafasi hii unabadilisha pia wakati wa moto kuwaka, kwa hiyo usicheze nayo ovyo.

Kabla ya kupima, safisha nyuso. Pitisha msasa mara chache, halafu kata kipande cha karatasi nyeupe, kiache kibanwe katikati ya pointi, kivute. Kitatoka na mstari mweusi. Rudia na sehemu safi ya karatasi mpaka mstari usionekane. Hatua hii watu wanaidharau, na vumbi la msasa lililobaki hapo linatosha kuzuia umeme.

Tazama pia umbo la pointi. Upande mmoja ukiwa na kilima na mwingine shimo, au zikiwa za bluu kwa kuungua, kondensa inakufa. Badilisha vyote viwili pamoja. Mara nyingi italazimu sumaku itoke, na hutoka kwa pula yake tu, kifaa cha kuivuta. Usiigonge nyundo wala kuichokoa kwa bisibisi. Utapindisha krenki kwa ajili ya kipuri cha bei ya chini.

*Kama ni ya elektroniki.* Hakuna pointi. Fuata nyaya zinazotoka nyuma ya sumaku. Gamba lake hukauka kwa joto na kuvunjikavunjika, nyaya zikagusana. Ukikuta hivyo, umeshapata ugonjwa. Boksi la moto lenyewe, linalotoa umeme wa plagi, utalipima kwa kuazima la Vespa nzima.

*Kipimo cha njiani.* Hiki ndicho kinachomaliza ubishi wa "inazima ikipata joto". Tembea na plagi ya akiba na spana yake. Ikizima, papo hapo kabla haijapoa, pima moto kama ulivyofanya nyumbani. Moto haupo au umekuwa wa njano: ni kondensa, koili au nyaya, na kabureta haina hatia. Moto upo na ni wa bluu: nenda hatua ya 3.

Hatua ya 3: Mafuta yafike

Vespa haina pampu. Mafuta hushuka yenyewe, kwa hiyo kizuizi kidogo kinatosha.

Chomoa mpira kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa angavu, fungua koki, na *kofia ya tenki ibaki imefungwa*. Acha yatiririke kwa dakika mbili. Yakianza kwa nguvu kisha yakalegea na kudondoka, fungua kofia. Yakirudi kwa nguvu, tundu la hewa kwenye kofia limeziba. Vumbi la kiangazi la huku hujichanganya na mafuta ya kofia likawa kama lami. Lizibue kwa waya mwembamba na kazi imeisha. Kuna watu wamenunua kabureta nzima kwa sababu ya tundu hilo.

Kofia ikiwa wazi na bado yanadondoka, chujio la koki limejaa kutu. Tenki lishuke. Kutu nyepesi huondoka kwa siki: mimina, weka nati safi ulizozihesabu, tikisa, acha usiku kucha, suuza kwa maji, kausha juani mpaka usione unyevu, kisha suuza kwa petroli. Hesabu nati tena zikitoka.

Acha ile chupa itulie. Matone mazito chini, yaliyojitenga na petroli, ni maji. Petroli ya kwenye chupa za barabarani hufanya hivyo mara nyingi, na plagi haiwezi kuwasha maji.

Mafanikio: mtiririko ule ule mwanzo hadi mwisho, na chupa safi.

Hatua ya 4: Kabureta isafishwe kweli

Kupuliza kwa mdomo si kusafisha. Toa kifuniko cha boksi la kabureta, kisha chujio la hewa. Piga picha. Chomoa nyaya, mpira na boliti mbili zinazoshikilia kabureta, uinue.

Toa jeti ya sailensi (ya injini inapolia taratibu bila kuongezwa mafuta) na jeti kubwa. Bisibisi isipokaa sawa, simama utafute nyingine, kwa sababu jeti ni shaba laini na ukiliharibu mfuo hutalitoa tena. Loweka kwenye petroli, kisha inyanyue jeti ya sailensi kuelekea mbinguni ukiitazama kwa jicho moja. Katundu kake ni kembamba kuliko sindano ya kushonea. Unatakiwa uone nukta ya mwanga iliyo duara kamili. Ukiona nusu mwezi, bado kuna gamba la petroli iliyokauka. Usichokoe kwa waya wa chuma. Tundu likipanuka kidogo tu, namba iliyogongwa kwenye jeti haina maana tena. Tumia unywele wa brashi ya nailoni, kisha mpelekee fundi tairi apulize kwa kompresa. Njia zote za ndani ya kabureta nazo zipulizwe, pamoja na kachujio kadogo panapoingia mpira.

Sindano ya floti ikiwa na alama ya pete kwenye ncha, badilisha. Ndiyo inayofanya kabureta ifurike usiku na pikipiki isiwake asubuhi.

Chujio la hewa lioshwe kwa petroli na kukaushwa. Usiliache nje ati injini "ipumue". Kwa mchanga wa Tabora unaifungulia silinda msasa.

Wakati wa kurudisha, weka gasketi mpya chini na ukaze boliti mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukikaza kwa hasira, mwili wa kabureta unapinda na mlango wa mafuta unakwama ukiwa wazi. Zungusha mkono wa mafuta na uachie: lazima urudi kwa mlio, bila kusita.

Hatua ya 5: Hewa ya wizi

Hii ni hewa inayoingia pasipotakiwa, bila kupita kwenye kabureta. Dalili zake: unaachia mafuta lakini injini inaendelea kulia juu, sailensi inapanda na kushuka, na skrubu ya mchanganyiko ukiizungusha haileti tofauti yoyote. Watu huongeza jeti hapa, pikipiki inatulia kidogo, kisha pistoni inakamata wakiwa kasi.

Injini ikiwa inawaka, nyunyiza maji ya sabuni kwa chupa ya kupulizia, kidogo, chini ya kabureta, kisha kwenye shina la silinda. Usielekeze kwenye plagi. Mlio ukibadilika mahali fulani, hapo ndipo hewa inapoingia. Badilisha gasketi ya hapo.

Oili sili mbili za krenki (pete za kuzuia oili na hewa) huwezi kuzifikia kwa maji. Ya upande wa klachi ikifa, injini hunyonya oili ya gia: moshi mwingi mweupe au wa bluu usioisha hata ikipata joto, na oili ya gia inapungua au kunuka petroli. Ya upande wa sumaku ikifa, injini hukimbia yenyewe, na nyuma ya sumaku kunakuwa na utando wa mafuta. Hii ya sumaku unaweza kuibadilisha ukiwa na pula. Ya klachi, kwenye matoleo mengi, inahitaji injini ipasuliwe katikati. Kwa maoni yangu hiyo mpelekee fundi aliyewahi kufungua injini ya mchanganyiko, na umuulize hivyo kabla hajashika spana.

Kwa kuwa injini inaweza kukukimbia wakati wa majaribio, jua mapema namna ya kuizima: kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya nne, achia klachi.

Hatua ya 6: Mambo ya haraka

Ekzosi: ikiwa pikipiki haipandi kasi na inapata joto sana, imejaa masizi. Itolewe na ichomwe nje, mbali na nyumba na watu.

Nyaya: waya wa klachi na wa mafuta uwe na mlegezo wa milimita 1 hadi 2 kwenye mkono. Zungusha usukani kulia na kushoto injini ikiwa inawaka. Mlio ukibadilika, waya wa mafuta unavutwa.

Upepo wa PX: psi 18 mbele, 25 nyuma ukiwa peke yako, 36 nyuma ukipakia. Na hili lisikie vizuri, maana limeumiza watu: rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Toa upepo wote kabla ya kulegeza nati zinazounganisha vipande hivyo. Ukizifungua tairi likiwa na upepo, rimu inaruka usoni. Msimamie fundi tairi asiyeizoea.

Hatua ya 7: Sasa ndiyo uguse skrubu

Endesha dakika kumi injini ishike joto, choki (ya kuwashia injini ya baridi) ikiwa imezimwa. Kuseti injini ya baridi ni kujisumbua.

Skrubu ni mbili. Ya juu ni ya sailensi, inapandisha na kushusha mlio tu. Ya nyuma ya boksi, ndani ya kizibo cha mpira, ni ya mchanganyiko. Kwenye kabureta hizi ukiifungua kwenda nje unaongeza mafuta.

1. Zima. Ingiza skrubu ya nyuma mpaka ikae, bila kukaza, kisha itoe mzunguko mmoja na nusu.
2. Washa, pandisha sailensi kidogo kuliko kawaida.
3. Zungusha ya nyuma robo mzunguko, subiri injini ijibu, sikiliza. Tafuta mahali inapolia juu na laini kuliko kote.
4. Ukipapata, toa nje kidogo tena, chini ya robo. Mafuta yakizidi kidogo injini inapoa vizuri zaidi.
5. Shusha sailensi ya juu mpaka iwe inatulia bila kuzima.

Jaribu: zungusha mafuta ghafla, achia. Ikirudi chini mara moja na kutulia, umefika. Ikichelewa kushuka, mafuta ni pungufu au kuna hewa ya wizi. Ikizama na kukohoa, yamezidi. Kama mahali pazuri panapatikana skrubu ikiwa imefungwa kabisa, au imetoka zaidi ya mizunguko mitatu, jeti ya sailensi si sahihi au haijasafishwa. Rudi hatua ya 4.

Hatua ya 8: Soma plagi barabarani

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10. Vespa iliyosetiwa Dar ikaletwa huku kwa treni itakuwa inakula mafuta mengi kwa hewa kidogo: inatoa moshi, inachafua plagi, inakohoa mkono wa mafuta ukiwa wazi kabisa. Hapo jeti kubwa ipunguzwe namba moja, mbili ukizidi. Kinyume chake kinatisha zaidi: iliyosetiwa hapa ikishuka Dar itakuwa na mafuta pungufu, na iongezwe kabla ya safari ndefu.

Vaa helmeti, chagua kipande cha lami kilichonyooka na kisicho na magari, barabara ya Nzega inatosha. Weka plagi mpya. Nenda gia ya tatu, mafuta wazi, kwa umbali wa kutosha, kisha kwa pamoja vuta klachi na uzime injini. Serereka hadi kando, toa plagi.

Rangi ya chai ya maziwa: jeti ni sahihi. Nyeusi na mbichi: punguza namba moja. Nyeupe au ya kijivu yenye vipele vinavyong'aa: usiendelee kuendesha kwa kasi, ongeza namba moja, na kagua tena hewa ya wizi. Katika majaribio yote vidole vikae kwenye klachi. Ukisikia injini inalegea yenyewe au inatoa mlio wa kukwaruza, vuta klachi hapohapo, kabla gurudumu halijafunga.

Ukibadilisha jeti kubwa, rudia hatua ya 7. Na ukijua pikipiki itakaa wiki kadhaa, funga koki injini ikiwa inawaka, iache ijizimie kwa kumaliza mafuta ya kwenye kabureta, ili ile jeti ya sailensi usiilowekee petroli tena.